Tunda la Mgeni wa Heshima

Mwalimu Okito alipewa uhakimu wa matunda siku ya Jumatatu, na wiki nzima akatembea mjini Kindu kama mtu aliyeoa juzi. Kwa miaka minane alikuwa amefundisha biolojia katika darasa lililosinzia kila alipotamka neno "ovari". Sasa Chama kilichotawala nchi kilikuwa kinatimiza miaka kumi, mgeni wa heshima alikuwa anakuja kwa treni, na ilitangazwa kwamba tunda bora kuliko yote litaliwa na mgeni mwenyewe, jukwaani, watu wote wakiona.

Aliyetangaza ni Sitwayeni Mbaraka (sitwayeni, yaani mwananchi, ndivyo Chama kilivyotaka kila mtu aitwe), katibu wa Chama mtaani, mtu mfupi ambaye abakosi yake, lile koti rasmi lisilovaliwa tai, ilimkaba shingo. Ni yeye pia aliyemchagua Okito.

"Wewe njo unajua hizi vitu," alimwambia. "Utachagua kwa sayansi, hapana kwa undugu."

Siku ya sherehe meza ndefu iliwekwa karibu na stesheni. Okito alifika na wembe, kioo cha kukuzia na daftari jipya. Mbaraka akasimama naye bega kwa bega, maana siku ile hakuna neno lililotakiwa kufika masikioni mwa umma kabla Chama hakijalisikia.

Mbele ya wote alikuwa Kyakimwa, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye shamba ng'ambo ya mto. Nanasi lake lilikuwa kubwa kama mtoto wa miezi sita, naye alikuwa amelivusha Lualaba kwa mtumbwi akilipakata. Watu walikwisha kumpa ushindi.

"Ajabu ya nanasi," Okito alianza, sauti ikimpanda kwa furaha, "ni kwamba si tunda moja. Kila jicho unaloliona hapa lilikuwa ua lake peke yake. Haya ni matunda mengi yanayokaa pamoja."

Mbaraka akamshika kiwiko. "Mengi?"

"Mengi sana. Mia na zaidi."

"Mwalimu," Mbaraka alinong'ona, "mu hii inchi Chama njo kimoja. Unataka mugeni ale kitu ya vingi?"

"Lakini yameungana, sitwayeni."

"Leo yameungana. Kesho yakiachana, nani atajibu? Toa."

Kyakimwa akapokea nanasi lake, akaligeuza huku na huku. "Nanasi yangu imekosa nini?" aliuliza.

Mtu mwingine angejifunza hapo hapo. Okito alikuwa mwalimu, na mwalimu akipata msikilizaji aliye macho hawezi kunyamaza. Alikata ndizi katikati. "Hii ni beri," alisema. "Nyama yote inalika, haina kokwa. Ila hivi vidoa vyeusi ni mbegu zilizokufa. Limekua bila chavua. Ni kama kusema tunda hili limezaliwa bila baba."

Mbaraka akageuka polepole kutazama picha kubwa iliyotundikwa jukwaani, picha ya Rais, yule aliyeitwa Baba wa Taifa. Halafu akaisukuma ndizi kwa kidole kimoja mpaka ikaanguka chini ya meza.

Zikafuata karanga. Okito alijiambia achunge ulimi, ulimi ukamtangulia. "Watu wanafikiri tunda lazima liwe na majimaji. Karanga ni tunda kavu, ganda na yote, sawa na kunde na maharagwe. Ua likishachavushwa, kikonyo chake kinainama na kuzama ardhini, na tunda linakomaa huko mafichoni, linafanya kazi yake chini kwa chini..."

Alisikia neno likimtoka. Safari hii alizitoa mwenyewe.

Likabaki papai, zuri, la rangi ya jua linapotua. "Beri," Okito alisema, akafumba mdomo. Mbaraka akaridhika, akaandika "papai" kwenye karatasi, akagonga muhuri.

Treni ilikuwa ifike saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri ilikuwa bado iko upande wa Kibombo, watu wamekaa chini kwenye vumbi, wacheza ngoma ya Chama wamevua viatu. Papai lililala juani mchana kutwa. Mwishowe likapasuka ubavu bila kuguswa, inzi wakalipokea, na wakati huo huo honi ya treni ikalia.

Mbaraka alitazama meza. Iliyobaki ni sahani moja tu, ya Mama Sharifa, mkulima mzee ambaye hakuja kushindana. Alileta pilipili za kwao, zile ndogo, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imeamriwa kuleta kitu.

"Na hii?"

"Ni beri pia," Okito alisema. "Ua moja, ovari moja, tunda moja. Lakini, sitwayeni..."

"Moja!" Mbaraka aliinua moja kwa kikonyo chake. "Tena ya kijani, rangi ya bendera yetu. Tena inasimama wima, kama mwenge wa bendera!"

"Sitwayeni, inawasha."

"Mwenge gani hauwaki?"

Mgeni, Sitwayeni Kitenge, alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani. Alipanda jukwaani akitabasamu. Mbaraka akaeleza kwa kipaza sauti habari ya ua moja na tunda moja, kisha akasogeza sahani. Tabasamu la mgeni likasita. Alijua pilipili ni nini. Mama yake alimlea kama wengine. Lakini watu elfu mbili walikuwa wanamtazama, na hakuna mkubwa anayeweza kulikataa tunda lililokwisha kufananishwa na Chama. Akatia moja kinywani, akatafuna.

Okito, chini ya jukwaa, aliona uso ule ukitulia kwanza, kama mto kabla ya maporomoko. Halafu jasho. Halafu machozi, mawili mawili. Wacheza ngoma walidhani amejaa uzalendo, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mbaraka, asionekane mvivu wa kukipenda Chama, akala mbili. Hapo wanakamati waliobaki wangefanya nini? Wakala. Muda si muda wanaume saba wenye abakosi walikuwa wanalia jukwaani, wamesimama mguu sawa.

"Maji!" Kitenge alipaza sauti, na kipaza sauti kikalibeba neno hilo mpaka mtoni.

Ngoma ikakatika. Kindu hakuna mtu mzima aliyekuwa analipigia kelele neno hilo hadharani. Miaka kumi na mitatu nyuma waasi walilifanya kilio chao cha vita, wakiamini risasi zitageuka maji. Watu wakatazamana.

Aliyetembea ni Mama Sharifa peke yake. Alipanda ngazi na bakuli la mawese na donge la bugali baridi, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

"Maji itakuongezea moto, mwanangu," alisema. "Fungua kinywa."

Mgeni wa heshima akafungua. Akalishwa, akameza, akapumua. Kisha akakunja kurasa zake kumi na mbili za hotuba, akasema, "Wananchi, nimeguswa," akakaa. Makofi yaliyopigwa hayakuhitaji kuamriwa.

Baadaye alimwita hakimu. Okito alikwenda akiwa amekwisha kumuaga mke wake moyoni.

"Wewe njo ulisema hii ni tunda?"

"Ndiyo, sitwayeni. Ina nyama, ina mbegu nyingi ndani."

Kitenge alimtazama kwa macho mekundu. "Mbegu nyingi," alisema taratibu. "Nitafutie. Kule Kinshasa kuko wenzangu wawili, watatu, ninapenda waionje."

Kwa hiyo kesho yake Okito alikwenda kwa Mama Sharifa na bahasha, na daftari lake. Alimkuta anaanika pilipili juu ya mkeka. Akamwuliza anazigawanya vipi.

"Hizi za kula, hizi za kuuza, hizi za ndege."

"Za ndege?"

"Unafikiri mi nilipanda? Ndege anakula, hasikii ukali, anaruka, anaangusha mbegu pahali anapotaka. Mi nakuja nyuma na jembe." Akamsogezea kigoda. "Kaa, mwalimu. Andika."

Okito akakaa, akafungua ukurasa mpya.