Uso wa Kumi na Mbili wa Bibi Ndoo

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akicheka huku makombo ya biskuti yamemganda kwenye fizi, hujakosa kitu. Mchoraji aliyaona hayo kila Jumatatu saa nne asubuhi, maana msimamizi wake alikuwa na tabia ya kuvuta kiti, kukaa naye bega kwa bega, na kutafuna akitazama kioo cha kompyuta ambacho si chake. Makombo yalidondokea kwenye kibodi. Ya wiki iliyopita yalikuwa bado humo, yamelowa chai na kuota ukungu.

"Ongeza machozi," alisema. "Watu wanampenda akilia. Ongeza."

Ofisi nzima ilimwita Bwana Ongeza, na jina hilo alilitolea jasho mwenyewe. Ukimchorea mti, ongeza majani. Ukimchorea mtoto anacheka, ongeza meno. Siku atakayozikwa nadhani ataomba waongeze udongo.

Kampuni yao ilitengeneza mchezo wa kompyuta ambao wachezaji hujijengea viwanja wenyewe. Huyu anaweka ukuta, yule anachimba shimo, mwingine anatundika ngazi, kisha wanaalikana kuvicheza. Kampuni ilitoa vifaa na wahusika wa kuweka humo, na kazi ya Mchoraji ilikuwa moja tu, nyuso. Kila mhusika alitakiwa kuwa na nyuso kumi na mbili zenye namba, ili popote mchezaji atakapomweka ajue kufurahi, kununa au kushtuka pasipo kuambiwa. Mhusika asiyetimiza kumi na mbili hafungwi, yaani haingizwi rasmi kwenye mchezo. Hubaki kwenye majaribio mikononi mwa wachezaji, na aliyemchora anaweza kumwondoa wakati wowote kwa neno lake la siri. Akishafungwa, basi, ni mali ya kampuni hata ulie machozi ya damu.

Bibi Ndoo alikuwa na nyuso kumi na moja.

Alikuwa bibi mfupi, kitambaa kichwani, ndoo mkononi, na uso wake ulikuwa wa shangazi. Sisemi ulifanana. Ulikuwa wa shangazi wenyewe, mkunjo kwa mkunjo. Shangazi huyu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyemlea Mchoraji tangu akiwa na miaka sita, na ndiye aliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja mpaka akastaafu na mikono iliyochubuka. Alipoombwa akae achorwe alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mimi? Na sura hii kama nguo isiyopigwa pasi?"

Lakini alikaa. Jumapili baada ya Jumapili, kwenye meza ya jikoni, Mchoraji alitaja hisia na shangazi alitafuta siku maishani mwake ya kuileta. Namba moja, furaha, ilikuwa siku Mchoraji alipofaulu mtihani wa mwisho. Namba nne, tabasamu la heshima, haikuhitaji hata kutafutwa. "Hili ni la wauza sufuria," shangazi alisema, akaliweka: midomo imecheka, macho yamebaki ndani yamefunga mlango. Ndilo alilowapa watu wasiomhusu waliobisha hodi, na Mchoraji hakuwahi kupewa hata siku moja. Walilicheka sana namba nne.

Namba tisa ilikuwa kusihi. Hapo shangazi aliacha kucheka. Kisha akasema, "Jioni ile mlangoni mwa wodi, baba yako yuko ndani, na yule mlinzi hataki nipite." Aliuleta tu uso ule, akaushikilia mpaka penseli ikamaliza, na Mchoraji alichora huku naye kamasi zinamtoka. Baba alikufa usiku ule. Uso ule, tangu jioni ile, shangazi hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine, na alimwachia mwanawe kama unavyomwachia mtu funguo za nyumba.

Namba kumi na mbili ndiyo iliyowashinda. Kinyaa. Shangazi alikunja pua, akabinua mdomo, akafanana na mtu anayetaka kupiga chafya.

"Sina, mwanangu. Nimefua kila kinachotoka kwa binadamu. Damu, usaha, matapishi, na mengine sisemi kwa sababu tunakula. Kinyaa nilikiacha getini siku ya kwanza ya kazi. Ningeingia nacho ningekufa njaa."

Basi Bibi Ndoo akaenda kwenye majaribio na nyuso kumi na moja. Na hapo Mchoraji alifanya kosa ambalo ni mtu wa kazi ile tu angelifanya. Kuna kisanduku kidogo kwenye fomu ya kila mhusika ambacho mchoraji huamua kukitia alama au kukiacha. Ukikitia alama, wachezaji wanaweza kuutumia uso wowote wa mhusika kama ufunguo: mhusika akiuonyesha, mlango wa kiwanja unafunguka. Mchoraji alikitia alama akiwa anatabasamu. Alifikiri watu watakaa chini wabuni namna za kumchekesha bibi ili wapite. Masikini wee, binadamu gani hao aliokuwa anawafikiria?

Siku kumi baadaye alifungua kiwanja kilichotembelewa kuliko vyote. Kiliitwa Mlize Bibi Upite.

Bibi Ndoo alikuwa amening'inizwa kwa mnyororo juu ya shimo la maji ya choo. Mchezaji aliyekijenga alijitahidi, lazima tukubali, maana maji yale yalikuwa na mapovu na vipande. Mchoraji alimtazama akimshusha taratibu. Uso namba sita, wasiwasi. Namba saba, maumivu. Maji yalipomfika kidevuni ukaja namba tisa, ule wa mlangoni mwa wodi, macho yaleyale, midomo ileile, na mlango ukafunguka kwa mlio wa kengele. Halafu mchezaji akamwachia atumbukie. Mlango ulikuwa umeshafunguka! Alimtumbukiza bure, kwa raha zake.

Mchoraji alihisi mate yamemjaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Akafungua kingine. Humo walikuwa Bibi Ndoo arobaini kwenye mkanda unaotembea, wanaelekea kwenye meno ya chuma, wote wanasihi kwa uso mmoja. Chini yake watu walikuwa wameandika. "Mbavu zangu!" "Cheki kizee kinavyoomba." "Kuna anayejua namna ya kumfanya aombe kwa muda mrefu zaidi?" Na watu sitini walikuwa wamemjibu huyo wa mwisho, kwa michoro na maelekezo, kwa bidii ambayo hawakuwahi kuitia kwenye kazi za shule. Ptu!

Alikimbilia chooni. Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni, ingawa hakushika kitu. Aliporudi alimkuta Bwana Ongeza kwenye kiti chake, anacheka, makombo kila mahali.

"Umeua!" alimwambia. "Hakuna mhusika aliyewahi kupendwa hivi kwenye majaribio. Mtimizie uso wa mwisho tumfunge, na chumba cha wachoraji ni chako. Utakuwa mkuu wao."

Miaka saba Mchoraji alikuwa ameingoja kauli hiyo. Pale pale angeweza kuandika neno lake la siri na kummaliza Bibi Ndoo. Nasema angeweza. Badala yake alijichekesha, akasema atajitahidi. Jumapili hiyo alikula jikoni kwa shangazi, na shangazi akauliza, "Mwenzangu wa kwenye kompyuta anaendeleaje?" Naye akajibu, "Anapendwa sana, shangazi."

Uso wa mwisho haukupatikana. Alijichora mwenyewe akijitazama kwenye kioo cha bafuni, haukukaa kwenye sura ile. Ikafika Jumatatu nyingine, na Bwana Ongeza akachoka kungoja. "Mlete huyo shangazi Ijumaa. Tutamweka mbele ya kamera, nitamtafutia kinyaa mwenyewe."

Shangazi alikuja kavaa nguo yake ya harusi za watu, kaipiga pasi mpaka inasimama. Aliingia akiwasalimia wote, meza kwa meza, hata fundi wa umeme aliyekuwa juu ya ngazi. Wachoraji wakawa wanagutuka mmoja mmoja. Walimjua uso, jina hawakulijua, na wawili waliinamisha vichwa wakajitia wana kazi nyingi.

"Mama, karibu sana," Bwana Ongeza alisema, akampa mkono wenye mafuta. Akamkalisha mbele ya kamera. Alijaribu kwanza kwa samaki aliyeoza kwenye mfuko. Shangazi alimchungulia akasema, "Maskini, wa juzi huyu." Akajaribu kwa picha za madonda. Shangazi alizitazama kwa makini akaeleza ni dawa gani wanaweka hospitali na namna ya kutoa madoa yake kwenye shuka. Ofisi ikacheka. Mchoraji akaanza kupumua, akijua ikishindikana leo itakuwa basi, bila yeye kuchagua lolote.

"Haya, Mama," Bwana Ongeza akasema, akifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Ngoja nikuonyeshe kazi ya mwanao basi. Huenda ikakugusa."

"Hapana," Mchoraji akasema. "Bwana, hapana, tafadhali."

Lakini kioo kikubwa cha ukutani kilikuwa kimeshawaka, na kwenye kioo kile palikuwa na mnyororo na shimo.

Shangazi alitazama. Alijiona akishushwa. Maji yalipofika kidevuni na uso namba tisa ukaja, mkono wake ulipanda kifuani ukatulia hapo. Kengele ya mlango ikalia. Bibi Ndoo akatumbukizwa. Shangazi akatazama mpaka mwisho, na hakukunja hata pua, alionekana tu kama mtu aliyechoka sana. Kutoka kwa watu asiowajua alikuwa ameshafua mabaya zaidi ya hayo.

Halafu akageuka.

"Ulijua?"

Mchoraji angeweza kudanganya. Ulimi ulijaribu kabisa. "Nilijua, shangazi."

"Tangu lini?"

"Wiki jana. Jumatatu."

"Na Jumapili ulikula kwangu."

"Nilikula."

Na hapo ndipo ukaja. Haukuja pua kwanza kama wanavyochora wote. Ulianzia kwenye shingo, kichwa kikarudi nyuma kidogo, kama mtu anapokuta kitu kwenye sahani yake. Kisha kope zikashuka nusu. Kisha mdomo wa juu, upande mmoja tu. Miaka thelathini na moja ya mashuka haikuwahi kuutoa uso ule, na sasa ulimtazama Mchoraji peke yake.

"Huo!" Bwana Ongeza alipiga meza. "Huo huo! Tumeupata? Tumeupata!"

Shangazi alichukua mkoba wake. Mchoraji alinyanyuka ampeleke. "Kaa ufanye kazi yako," shangazi alisema, wala hakugombeza. "Njia naijua."

Picha ikaletwa kwenye kompyuta ya Mchoraji, kubwa, imejaa kioo kizima. "Saa moja tu ya kazi," Bwana Ongeza alisema nyuma ya sikio lake, pumzi ya biskuti na chai ya maziwa. "Jioni tunamfunga. Mdomo huo, ongeza kidogo."

Na Mchoraji alichora. Nisimfiche. Aliuvuta mstari wa shingo, akavuta kope, akavuta ule mdomo wa upande mmoja, na mstari ulitoka safi, mstari bora aliowahi kuuvuta, na alijikuta ameegemea nyuma akiusifu moyoni. Anausifu! Uso wa shangazi yake unamchukia, naye anasema mkono wangu leo uko vizuri. Kichefuchefu kilichompanda safari hii hakikuwa cha wachezaji wala cha makombo ya mtu. Alijinusa yeye.

Akafuta mchoro. Akafuta picha ya kamera. Kisha akaandika neno lake la siri, na mashine ilipomuuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo.

Kwenye kioo cha ukutani shimo lilibaki na mnyororo unaoning'inia mtupu. Mkanda uliendelea kuyapelekea meno ya chuma hewa. Milango yote ya viwanja vile ilikaa imefungwa, hakuna wa kuifungua. Bwana Ongeza alipiga kelele nyingi sana, na mate yake yalimrukia Mchoraji shavuni, naye akajifuta, akakusanya penseli zake, akatoka.

Barabarani alitembea kwa haraka, karibu anakimbia. Jua lilikuwa halijazama. Kazi imekwenda na cheo kimekwenda, vyote viende vilikokwenda, ana la kumwambia shangazi. Alipofika kwa shangazi aliingiza ufunguo wake, lakini kitasa cha ndani kilikuwa kimefungwa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea mchana. Akabisha.

Shangazi alifungua. Alikuwa amebadilisha nguo, mikono ina sabuni.

"Nimemwondoa," Mchoraji alisema kabla hajavuka kizingiti. "Kila mahali, shangazi. Na picha nimeifuta. Hayupo tena."

"Umefanya vizuri," shangazi alisema. "Karibu ndani, ukae. Umekula?"

Akamwachia njia, akatabasamu. Midomo ilicheka vizuri tu. Mchoraji alisimama pale mlangoni na mkoba wake wa penseli, akayatazama yale macho yaliyofunga mlango, na hakuhitaji kuhesabu ni namba ngapi.

"Nimekula, shangazi," akasema, ingawa hakuwa amekula, akavua viatu kama wanavyovua wageni.