Fito Mbili Juu ya Tundu Moja

Haya yote ni kweli tupu. Hayajatiwa chumvi wala hayajatiwa maji, na Mzee Alute mwenyewe yuko tayari kuapa kwa kaburi la baba yake, ingawa baba yake, kusema haki, bado anapalilia alizeti kule Kinampanda na afya yake haina neno.

Tangu astaafu udereva wa greda, Alute alikuwa na kazi mbili tu. Asubuhi alivua kambale kwenye lambo la Ulemo. Mchana alikaa kijiweni na kuwarefusha. Kambale wa kiganja, akishafikishwa kijiweni, alikuwa wa mkono mzima. Jua likianza kupoa alikuwa ameshamburuta mtu majini. Watu walimsikiliza kwa sababu alisimulia vizuri, na alisimulia vizuri kwa sababu alikuwa ametoka kuvua kweli. Bila harufu ya samaki mikononi, hata yeye asingejiamini.

Lambo hilo lina tabia yake. Kiangazi kikikaza, magugu hutanda juu ya maji na kufungana kama mkeka mnene, mtu akatembea juu yake. Hunesa chini ya miguu kama godoro jipya. Mvuvi hukata tundu kwa panga, huweka ubao pembeni, hukaa, hushusha ndoano. Tundu lisipokatwa upya kila alfajiri hujifunga. Na tundu ni la aliyelikata. Hakuna anayeshusha ndoano kwenye tundu la mwenzake, hata kama mwenyewe kaenda msibani.

Tundu lililoshinda yote lilikuwa la Emiliana, mjane wa rafiki yake Alute. Wavuvi wengine walishika ufito mmoja. Emiliana alishusha mbili kwenye tundu lile lile, na kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Ufito wa mkono wa kulia ulifungwa vizibo viwili vya soda juu ya ndoano. Huo aliuchezesha, juu, chini, juu, chini, vizibo vikigongana na kutifua tope. Ufito wa kushoto aliulaza kwenye panda ya mti, na chini yake alining'iniza perege mdogo aliye hai. Huo haukuguswa. Kwenye mshipi wake kilielea kipande cha bua la mtama, na bua hilo lilitulia kama limepigwa picha.

Kambale wa mbali husikia vizibo, akaja kuchungulia nani anafanya fujo. Akishafika haviamini vile vyuma, anarudi nyuma kidogo, na hapo hapo anakutana na perege ametulia mbele ya mdomo wake. Bua linazama.

Kilichomshangaza Alute si akili ya mpango wenyewe. Ni mikono ya yule mama. Mkono wa kulia ulikuwa harusini, wa kushoto uko msibani, na mwenye mikono katikati amekaa anatafuna karanga.

"Shemeji," Emiliana alimwambia asubuhi moja bila kugeuka, "unaitazama mikono yangu kama unataka kuiposa."

"Natazama makosa, shemeji. Unainua juu mno."

Chediel, aliyekuwa kwenye tundu la jirani, akacheka. Yeye na Alute walikuwa wa rika moja, na tangu utoto kazi yake ilikuwa kumkanusha mwenzake. "Makosa! Mwenzio ana watatu kwenye ndoo, wewe una konokono."

"Fito mbili ni mchezo wa watoto," Alute akasema, na mdomo ukishaanza yeye huwa abiria tu. "Mimi kule ziwa Kitangiri nilivua na fito nne. Mbili mikononi, moja kwapani, na moja naikanyaga kwa mguu kama klachi."

"Na breki je?" Chediel akauliza.

Emiliana akaweka ganda la karanga pembeni, taratibu. "Basi, shemeji, Jumamosi tuone. Nne sizitaki, nionyeshe mbili tu. Ukitoa kambale mmoja kwa ufito uliotulia, tundu langu ni lako hadi mvua zije. Ukishindwa, unakuja kunikatia magugu kila asubuhi hadi mvua zije, na ndoano hushiki."

Chediel akasema yeye ni shahidi, na Alute akasema sawa kabla hajafikiri. Alifikiri njiani, akirudi nyumbani. Kiangazi kizima bila ndoano! Atakaa kijiweni na nini? Atawasimulia watu habari za panga?

Siku zilizofuata alijifunza kweli, hakuna awezaye kumnyima hilo. Alijificha kwenye kona ya mwisho ya lambo na fito zake mbili. Kulia aliinua, na kushoto kukainuka. Kulia alishusha, kushoto nako kukashuka. Akaufunga mkono wa kushoto kwenye mkanda. Bega likachukua zamu. Akaulaza ufito kwenye panda kama alivyoona, lakini ndani ya kitambo kidogo vidole vilienda vyenyewe kuugusa, kuuliza kama kuna habari. Ufito wa kuchezesha aliuweza vizuri sana. Ufito wa kutulia ulimshinda, na kadiri ulivyomshinda ndivyo alivyozidi kumwona Emiliana kuwa kiumbe wa ajabu.

Jumamosi asubuhi na mapema alipita barabara kuu, mahali Miraji muuza samaki alipoegesha pikipiki yake yenye boksi la samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una kambale?"

"Ninao, wazuri kabisa. Lakini mzee, wewe si ni mvuvi?"

"Wa mgonjwa," Alute akajibu.

Akafika lamboni amevaa koti lake kubwa la kazini, limefungwa vifungo hadi kidevuni, na jua limeshaanza kuchoma. Kambale alikuwa ndani, katikati ya shati na tumbo. Emiliana na Chediel walikaa kwenye ubao mmoja kumtazama. Alute akashusha fito zote mbili kwenye tundu lake mwenyewe, akawapa mgongo, akaanza kuchezesha vizibo.

"Mbona unatetemeka?" Chediel akauliza.

"Mori wa uvuvi."

"Meno yanagongana, Alute. Una malaria?"

"Nyamaza, unafukuza samaki!"

Akainama kana kwamba anachungulia tundu. Mkono ukaingia kotini, ukatoka na kambale, ukamchomeka ndoano mdomoni, ukamzamisha. Kazi safi, ya mtu aliyekaa na uongo maisha yake yote. Halafu akapiga ukelele, akaruka, mkeka wa magugu ukanesa chini yake, akaunyanyua ufito wa kushoto juu na kuutikisa kwa nguvu zake zote ili samaki aonekane anapigana. Alute alipigana sana. Kambale hakupigana hata kidogo.

"Huyo! Ufito uliotulia! Mmeona? Shahidi, umeona?"

Chediel aliona, akakunja uso. Emiliana alisimama, akaja kwa hatua zake ndogo za mtu aliyezoea kukanyaga magugu, akaushika mshipi. Kambale wa lambo, hata ukimwanika juani, atajipinda na kukoroma hadi mchana. Huyu alining'inia kama soksi. Emiliana akamkamata, na mkono ukarudi nyuma wenyewe.

"Mama yangu! Baridi!"

Akamfungua shavu. Kipande cha barafu kikateleza kutoka humo, kikaanguka kwenye ubao, kikakaa kinameremeta juani mbele ya watu watatu. Kilianza kuyeyuka, na Alute alikiombea kwa moyo wote kiyeyuke haraka zaidi.

"Ulemo siku hizi tuna barafu?" Chediel akauliza kwa upole mkubwa.

Alute akavuta pumzi. Angeweza kukiri. Lakini mdomo ulishaondoka. "Hamsikilizi redio ndiyo maana. Kuna nchi za baridi, ziwa lote linaganda, watu wanakaa juu yake kama sisi hapa. Wanakata tundu, wanashusha fito mbili, mmoja wa kuchezesha na mmoja wa kutulia, vilevile kama shemeji. Sasa maji ya dunia huko chini yameungana."

"Kwa hiyo huyu ametoka huko," Emiliana akasema.

"Anakimbia ndoano za kule."

"Na mbona amekufa?"

"Safari, shemeji. Ni mbali."

Emiliana alicheka hadi akakaa chini, na magugu yakanesa, na Chediel aliyekuwa amepiga magoti akashikilia ubao asije akatumbukia. Alute alisimama na kambale wake mkononi, koti limelowa tumboni, akawangoja wamalize. Walichukua muda. Alitamani kukasirika, akashindwa.

"Hadithi nzuri," Emiliana akasema akijifuta macho. "Mgeni wa mbali hivyo tutamkaanga kwa heshima. Ila Jumatatu, shemeji, uje na panga."

Alikuja nalo. Jumatatu, na Jumanne, na asubuhi zote zilizofuata, alipiga magoti kwenye ukingo wa tundu la Emiliana, akakata mizizi iliyojisokota usiku, akavuta magugu pembeni hadi mgongo ukalia. Jasho lilimwingia machoni. Kisha alikaa nyuma ya ubao mikono mitupu na kumtazama yule mama akishusha ufito wa kwanza, akilaza wa pili, akiweka karanga mdomoni. Vizibo viligonga. Bua likatulia, likatulia, likazama; na mkono wa kushoto, uliokuwa umelala muda wote huo, ukaamka mara moja tu na kumtoa kambale anayekoroma kwa hasira.

"Dah," Alute akasema, na hakuongeza neno.

"Shemeji, upande wa kulia bado pamebana," Emiliana akajibu bila kugeuka. "Panua kidogo."

Alute akachukua panga, akapanua.