Kiraka cha Ukuta wa Magharibi

Fundi Timazi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kujisifu. Na katika sifa zake zote, aliyoipenda zaidi ni ya ukuta wa ngome kuu ya mji. Harusini, msibani, hata kwa kinyozi, ungemsikia: "Ukuta wa magharibi ulibomoka, nikauziba kwa mkono wangu huu. Nenda katafute kiraka. Hukioni ng'o!"

Basi siku moja kiraka kikatafutwa kweli. Msimamizi wa ngome, mama mmoja mpole mwenye kofia ya ujenzi, alimwita mzee mwenyewe. Maji ya mvua yalikuwa yanapenya ukutani, na kila mtu alijua yanapitia kwenye kiraka.

"Tukijua kinaanzia wapi na kinaishia wapi, tutafungua hapo tu," akamweleza. "Tusipojua, wahandisi wanaubomoa wote keshokutwa. Mawe ya karne tatu hayo, baba."

"Ondoa shaka," akasema Timazi, kifua mbele.

Wakapita lango la kwanza, la pili, kisha uwanja wa mizinga ambako wageni walikuwa wakipigana picha, wakazunguka nyuma ya ghala la baruti. Mkewe Timazi alifuata taratibu. Amekuja kunyoosha miguu tu, alisema. Juu ya ukuta yalichungulia maghorofa ya wizara.

Timazi akautazama ukuta. Akausogelea, akarudi nyuma, akagonga jiwe kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akaonyesha karibu na mnara. Msimamizi akaangalia picha za zamani, zilizoonyesha upande wa mnara tu, akatikisa kichwa: hapo hapakuwahi kubomoka. Akaonyesha pengine, akajikosoa mwenyewe kabla hajakosolewa. Jasho jembamba likaanza kumtoka. Lo, aibu ya mtu mzima, wacha kabisa!

"Mzee," mkewe akasema, "umekipita mara tatu."

Akaja, akaweka kiganja ukutani. "Kinaanzia hapa." Akatembea hatua saba. "Kinaishia hapa."

Msimamizi akamulika tochi kutoka ubavuni. Kweli bwana, kati ya mawe yale alama za mwiko zilikuwa zimelalia upande mwingine, za mtu anayetumia mkono wa kushoto. "Umejuaje, mama?"

Mkewe Timazi akamtazama mumewe.

Ukweli ni huu. Wiki ya kwanza ya kazi ile Timazi alianguka akavunjika mkono, akaogopa kupoteza kibarua. Mkewe, mtu wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akikoroga chokaa pale pale, ndiye aliyejenga, nyuma ya turubai, huku mumewe amekaa akielekeza, na mara nyingi akielekeza visivyo. Mkuu wao wa kazi hakuwa mtu wa kupanda jukwaa la ujenzi kukagua. Walikubaliana iwe siri mpaka kazi iishe. Kazi iliisha, siri ikaendelea.

"Basi naandika kwenye kitabu cha ngome kwamba hii ni kazi yako, baba," msimamizi akasema, kalamu mkononi. "Au vipi?"

Angeitikia tu, yangeisha. Wanawe wanne walikua wakimjua baba yao kuwa bingwa wa ukuta ule, na mkewe asingemsuta. Hakuwahi kumsuta miaka thelathini na miwili. Hilo ndilo lililomchoma.

"Usiniandike mimi," akasema. "Ukuta huu kajenga huyu mke wangu. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikipiga domo."

Mkewe akaangua kicheko, mara akajikuta analia, akajipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Umechelewa kidogo," akasema. "Miaka thelathini na miwili hivi."

"Nisamehe, mama watoto."

"Nilishakusamehe zamani. Lakini Jumapili wanao wanakuja kula. Maneno hayo hayo, uyarudie mbele yao, usipunguze hata moja."

Kusema mbele ya mgeni, kumbe, ilikuwa nusu tu ya kazi.

"Nitasema," akajibu, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia kuuzungumzia ukuta ule.