Baba Mkwe Ufukoni mwa Kivu

Christella alipoolewa na Valens na kuhamia Nyakabanda, mtaa wa Kigali, akitokea Buyenzi, kule Bujumbura, mama mkwe wake, Béatha, alimpokea kwa mikono miwili. Alimwonyesha bomba la maji, soko na kanisa, halafu akamkalisha jikoni amfundishe adabu za nyumba. Zilikuwa nyingi, ila kubwa zilikuwa mbili. Mke wa mwana hali chakula mbele ya baba mkwe wake. Na jina la baba mkwe halitamki, hata kama nyumba inaungua.

Baba mkwe mwenyewe aliitwa Hakizimana. Alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori, mzee mrefu mwenye mikono migumu, na maneno yake yalikuwa machache. Balaa ni kwamba muuza mkaa wa mtaani naye aliitwa Hakizimana, hivyo Christella akimtaja ilibidi aseme "yule wa mkaa". Jumapili moja padri alipolisoma jina hilo kanisani akitangaza ndoa za watu wengine kabisa, Christella alijikuta ameinamisha uso kama mtu aliyekosa.

Miezi ikapita. Hakizimana alimsalimu asubuhi, akamsalimu jioni, basi. Akiingia jikoni kutafuta kiberiti na kumkuta humo, aligeuka akatoka bila kiberiti. Christella akahitimisha kwamba hapendwi.

"Baba ndivyo alivyo," Valens alimwambia. "Hata mimi huongea nami nikiwa nimemshikia uzi."

Kiangazi cha mwaka 1990, jioni moja sebuleni, Hakizimana alitangaza kwamba anataka kwenda Kivu. Alipokuwa kijana aliwabebea mizigo wapima ramani, akalala wiki nyingi kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa, akasaidia kujenga nguzo ya zege ya kupimia ramani kwenye kilele kimoja, juu ya ghuba isiyokuwa na nyumba hata moja. Alitaka kuiona tena, alale pale ufukoni usiku mmoja, arudi.

"Kwa goti hilo bovu?" Béatha alisema. "Peke yako huendi."

"Nitakwenda naye," alisema Valens.

Christella alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Bujumbura alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, na ziwa Tanganyika alilijua tangu utotoni. Tangu aje Kigali, safari yake ndefu ilikuwa ya sokoni. Kabla hajajizuia, mdomo ulikuwa umeshasema: "Na mimi."

Béatha alivuta pumzi ya kukataa, lakini mumewe akamtangulia. "Aje. Valens hawezi kubeba kitu."

Jumamosi walipanda alfajiri basi la Kibuye, mji ulio kando ya ziwa. Waliposhuka nyusi zao zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Walinunua viazi vitamu na samaki wadogo waliokaushwa, kisha wakashika njia ya miguu kuelekea kaskazini. Njia ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kati ya mihogo na mikaratusi, na ziwa lilikuwa upande wa kushoto likijitokeza na kujificha. Hakizimana alikuwa mbele na turubai lake kichwani. Valens alikuwa na viatu vipya vya ngozi alivyovinunua maalumu kwa safari hiyo. Kilima cha kwanza alivisifu. Cha pili akanyamaza. Cha tatu akaanza kutembea kama mtu anayekanyaga makaa.

Walifika kwenye zahanati ya masista iliyokuwa njia panda. Sista Winifred, mtawa mnene mwenye miwani, alivitazama viatu kabla ya kuitazama miguu.

"Huyu haendi popote leo," alisema, akaleta beseni la maji ya chumvi.

Hakizimana aliutua mzigo. "Basi turudi," alisema. Lakini alisema huku macho yake yakiwa kule juu, kwenye mgongo wa vilima, na Christella akayaona. Hakuwahi kumwona mzee akitazama kitu namna ile.

"Baba," alisema, "miguu yangu mimi ni mizima."

Mzee akamtazama Valens. Valens, miguu ndani ya beseni, alikuwa anacheka. "Nendeni. Mama hayupo hapa."

Wakaenda. Mzee alitangulia mbali, umbali wa kutupa jiwe, kama adabu inavyotaka. Kila njia ilipogawanyika alisimama akasubiri, na Christella alipotokea kwenye kona alianza tena kutembea bila neno. Penye miiba, Christella alikuta matawi yamekwisha kuvunjwa na kuwekwa pembeni. Mwanzoni alidhani ni wachungaji.

Ghuba ilikuwa kama mzee alivyoisimulia: kipande kidogo cha mchanga, mawe meusi, mikaratusi michache, na nyuma yake mteremko mkali ambao hakuna mtu mwenye akili angejenga juu yake. Hakizimana alitandaza turubai, akainama kutafuta mawe ya kulikandamiza. Upepo ulikuwa unangoja hilo tu. Ulilinyanyua, ukalibingirisha ufukoni mara mbili tatu, ukalitupa majini.

Mzee alikimbia hadi maji yakamfika magotini, akasimama. "Sijui kuogelea," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu zahanati.

Christella alishavua viatu. Aliikaza kanga yake kiunoni, akajitosa na nguo zake, akalifikia turubai pale lilipoanza kuzama upande mmoja, akaling'ang'ania kwenye kamba na kupiga mateke kurudi. Lilikuwa zito kama ng'ombe asiyetaka kutoka zizini. Alipokanyaga mchanga alikuwa anatweta na kucheka kwa pamoja. Mzee alishika ncha ya pili wakalivuta hadi nchi kavu.

"Nimeshona maturubai maisha yangu yote," Hakizimana alisema akilitazama. "Hili ndilo la kwanza kunikimbia."

Christella hakujua kama inafaa kucheka. Kisha akaona mabega ya mzee yanatikisika.

Kwa kuwa lilikuwa linachuruzika maji, haikuwezekana kulifanya hema. Walilitundika kwenye kamba kati ya miti miwili likauke, na liliponing'inia hivyo likawa ukuta katikati ya kambi. Christella akawasha moto upande wake, mzee akawasha upande wake. Viazi vilipoiva, Christella alisukuma sufuria chini ya ukingo wa turubai. Mzee alichukua fungu lake, akairudisha. Kila mmoja alikula upande wake, na hakuna adabu iliyovunjwa.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Nyuma ya ukuta ule, mzee alianza kuzungumza. Alisimulia habari za Mbelgiji aliyewaongoza, ambaye hakuogopa radi wala nyoka ila chura, na jinsi wapagazi walivyoamua kila chura aliyeonekana apate ruhusa ya kulala hemani kwake. Alisimulia walivyopandisha mifuko ya simenti hadi kileleni na mmoja ukapasuka, wakashuka weupe kama mizuka, wanawake wa bondeni wakakimbia na kuacha majembe. Christella alicheka mpaka samaki akampalia. Kisha mzee akauliza kuhusu Buyenzi, watu wanaishije, nani alimfundisha kuogelea, na kila jibu alilifuatilia kwa swali jingine.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Zaire. Christella akapata ujasiri ambao bila turubai asingeupata.

"Baba, mbona nyumbani huongei nami?"

Upande wa pili kuni zilivunjwa taratibu. "Kila nikiingia jikoni nakuona unashtuka, unaficha sahani. Nikasema heri nikae mbali, nisimtese mtoto wa watu."

Christella alibaki ameshika sufuria tupu. Miezi yote ile walikuwa wanaogopana.

Asubuhi aliamka akakuta blanketi la mzee limekunjwa na mwenyewe hayupo. Ukungu ulikuwa umeteremka hadi majini. Baada ya ile miti miwili yenye kamba, wa tatu haukuonekana. Alielewa mara moja: mzee amepanda kuiona nguzo yake, hakutaka kumsumbua. Kisha akaukumbuka ule mteremko, akalikumbuka na goti.

"Baba," aliita kwa nguvu zote.

"Naam," ikajibu sauti ya mwanamume mahali fulani kushoto.

"Naam," ikajibu nyingine, mbali zaidi, pamoja na mlio wa mbuzi. "Unamtafuta baba yupi, dada? Kilima hiki kina baba wengi."

Christella alisimama uso ukimwaka moto. Aliita tena "Baba", wakaitika walewale, na safari hii walikuwa wanacheka. Kutoka juu, kule alikokuwa yule aliyemtaka, kimya. Jiwe liliporomoka mahali fulani kwenye ukungu, likadunda, likaingia majini. Mafundisho yote ya jikoni yakamtoka. Alijaza kifua pumzi, akaita:

"Hakizimana."

Jina likapanda kilima. Muda kidogo, kisha: "Nipo huku. Nilidhani wanaitwa wachungaji. Usipite kushoto, kuna korongo."

Alipanda kwa mikono na miguu. Kila alipopotea aliita, na kila alipoita aliitikiwa, jina lile lile, mara nyingi kiasi kwamba alipofika juu lilikuwa limeshazoea mdomo wake. Mzee alikuwa ameketi chini, goti limevimba, mikono ameizungushia nguzo ya zege kama mtu anayemuaga rafiki.

"Nimeipata nguzo," alisema, "nikaipoteza njia."

Nguzo ilikuwa imeinama. Kona moja ilikuwa imemeguka, na ubavu mzima ulikuwa umeng'arishwa na mbuzi waliokuja kujikuna. Christella alimtazama mzee kwa wasiwasi, akidhani atahuzunika. Hakizimana alikuwa anatabasamu uso mzima.

"Tulimwambia simenti haitoshi," alisema akiwa ameridhika sana. "Alikataa kusikia."

Christella alikuwa na viazi vya jana vilivyofungwa kwenye kitambaa. Alimpa mzee kimoja, yeye akamenya kingine, wakala wakitazama mahali ambapo ziwa lilipaswa kuwa. Ukungu ulianza kuchanika. Kwanza kikaonekana kipande cha maji, kisha kisiwa cha Idjwi, kisha ufuo wote na rasi zake, moja nyuma ya nyingine. Wachungaji wawili walitokea chini yao na mbuzi wao, wakainua fimbo kuwasalimu. Ndipo Christella alipogundua ameketi bega kwa bega na baba mkwe, mdomo umejaa.

"Nimekula," alisema.

"Nimeona. Na umeniita pia, hadi mbuzi wote wa Kibuye wanajua naitwa nani."

"Nisamehe, Baba."

"Kwa lipi? Bila hivyo ningeshinda hapa nimekumbatia zege." Akanyoosha mkono. "Kipo kingine?"

Kushuka kulichukua asubuhi yote. Mahali pa mteremko mkali mzee aliketi akateleza kwa makalio, na suruali ikapasuka kutoka mfukoni hadi gotini. Christella aliishona palepale ufukoni kwa sindano ya maturubai, mzee akiwa amejifunga blanketi na kumkosoa mshono. Zahanati walimkuta Valens amevaa kandambili za Sista Winifred, anamenya viazi vya wagonjwa, na habari zote za kijiji anazijua.

Walifika Nyakabanda taa zimeshawashwa. Béatha aliwakalisha, akaanza kuuliza kwa mpangilio: nani alipika, nani alilala wapi, mbona suruali ina uzi wa maturubai ya lori. Hakizimana ndiye aliyejibu. Alisimulia kwa mikono na miguu, hakuficha hata moja, na aliposahau kitu aligeuka, "Christella, ilikuwaje pale?" na Christella akapokea kutoka hapo. Valens aliwatazama mmoja baada ya mwingine mdomo wazi.

Béatha aliwasikiliza hadi mwisho, mikono amekunja kifuani. Walisubiri hukumu.

"Kiangazi kijacho nami nakwenda," alisema hatimaye. "Ila nataka kujua kitu kimoja. Huko mtu anaweza kufika bila kupanda mlima?"

"Hapana," walijibu Hakizimana na Christella kwa pamoja.