Fundo Chini ya Kovu

Mwaka 1974, wanakijiji walipokuwa wakiezeka shule mpya ya kijiji chao cha ujamaa upande wa Ikungi, bati liliteleza likamchana Anastasia Mughwai mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Alishonwa zahanati. Kidonda kilipona vizuri, likabaki kovu fupi kama njiti ya kiberiti.

Maumivu ndiyo yaliyokataa kupona. Mkono ulimwaka kama umemwagiwa uji wa moto. Nguo ikigusa kovu, alipiga kelele. Upepo wa Julai ukivuma, aliufunga mkono kwenye kanga na kulia. Jembe hakuweza kulishika. Ugali wa uwele sasa alisonga mumewe, Alute, na majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Zamani Anastasia ndiye aliyetangulia kufika shamba la kijiji. Alipoacha kuonekana, maneno yakaanza. Wachache walisema amerogwa. Wengi walisema ni mvivu. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, Urbano, alimsimamisha mkutanoni.

"Ndugu Anastasia, kidonda chako kimepona, sote tunaona. Mbona hulimi?"

"Kinaniuma, ndugu mwenyekiti."

"Kipi hicho? Hapo hakuna kidonda!"

Watu wakacheka. Alute aliinuka kwa hasira, mkewe akamvuta shati akae. Hata Anastasia mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza kama ana wazimu.

Ndipo Mrisho, mganga wa zahanati aliyehamia kutoka Singida mjini miezi miwili tu iliyopita, akaomba nafasi.

"Mama, naomba mkono wako. Nitakuumiza kidogo."

Akaanza kugonga taratibu kwa ncha ya kidole, kutoka kwenye kiwiko kushuka chini. Anastasia alitulia. Kidole kilipofika kwenye ncha ya kovu, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Nge! Kama nge ameniuma, mpaka huku kwenye gumba!"

Mrisho akaokota kipande cha mkaa. "Chukua mkaa huu. Chora mpaka wa mahali panapowaka."

Kwa mkono wa kushoto, Anastasia alichora mzunguko mgongoni mwa kiganja, kuanzia gumba hadi katikati ya kidole cha pili na cha tatu. Mrisho akatoa kitabu chake cha chuo, akafungua picha ya mkono iliyoonyesha eneo la mshipa mmoja wa fahamu, akampa mwenyekiti. Urbano akatazama picha, akatazama mkaa, akatazama picha tena. Ilikuwa ramani ileile.

"Mama huyu hajawahi kukiona kitabu hiki," alisema Mrisho. "Angewezaje kudanganya kwa usahihi namna hii?"

Watu wakasogea kutazama picha.

Mrisho akaeleza. Mshipa wa fahamu una nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi ni mkono mrefu wa chembe hai moja iliyokaa karibu na uti wa mgongo. Bati lilikata nyuzi, lakini chembe zenyewe hazikufa. Zilichipua ncha mpya, kama kisiki, zikitafuta njia yao ya zamani. Kovu likaziba njia. Ncha zikajisokota zikawa fundo, na fundo hilo linapeleka habari za moto hata pasipo moto.

"Habari ni za uongo," alisema, "lakini maumivu ni ya kweli."

Anastasia alijifunika uso kwa kanga. Miezi kumi alikuwa amengoja mtu aseme hivyo.

Wiki iliyofuata alipanda lori na Alute hadi Kilimatinde, kwenye hospitali ya misheni. Daktari alichoma kwanza sindano ya ganzi juu ya fundo. Dakika chache tu, moto ukazimika. Anastasia alikamata kiganja chake, akakibonyeza, akakipiga kwenye paja, akacheka mpaka wauguzi wakaja kuchungulia.

"Basi ndipo penyewe," alisema daktari.

Kesho yake alilikata fundo, akauzika mwisho wa mshipa ndani ya msuli, mbali na kovu. Alimwonya kwamba ngozi ya mgongo wa gumba itabaki na ganzi daima.

"Ganzi naikaribisha," alijibu Anastasia.

Mvua za kwanza zilipopiga, aliingia shamba la kijiji, akashika mstari wa mbele na kuwaacha wanaume nyuma. Wanawake walimpigia vigelegele. Urbano alimfuata, akavua kofia.

"Nilikukosea, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila iandikwe: mgonjwa apimwe kwanza, ndipo asemwe."

Mkutano uliofuata ulilipitisha azimio hilo kwa mikono yote. Kabla hawajatawanyika, mzee Antipasi, aliyekatwa mguu miaka sita nyuma, aliinuka kwa mkongojo wake.

"Daktari," alimwambia Mrisho kwa sauti ndogo, "vidole vya mguu nisio nao vinaniuma kila siku. Sijawahi kumwambia mtu."

Anastasia akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Shikamoo, baba. Kaa hapa," alisema. "Tuambie yote."