Siku Meli ya Lokman Ilipovunja Daraja

Mabaharia wa mto wetu wana desturi ambayo matajiri wa meli wameikataza mara mia. Baharia akipita mbele ya kijiji chao hatii nanga. Anapunguza moto wa injini, anapiga honi tatu, na mama au mke wake anatoka na mtumbwi kumpelekea chakula. Chakula kinapandishwa kwa kamba, maneno mawili matatu yanasemwa, meli inakwenda zake. Mwanangu Lokman alikuwa nahodha wa meli ya kubeba mchanga, na miaka sita nilimlisha hivyo, hapa Shonakathi.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa Bhadro, mvua nyingi, matunda ya mvumo yameiva. Nilikuwa namkaangia Lokman vitumbua vya mvumo. Honi tatu zikalia. Chungu kilikuwa kimejaa tayari, ningeweza kuondoka. Lakini karaini mlikuwa na vitumbua vya mwisho, na vya mwisho ndivyo vinavyotoka vizuri, mafuta yakishatulia. Nikasema moyoni, atangoja. Honi zikalia tena. Nami nikasubiri vigeuke rangi.

Nilipofika katikati ya mto, maji ya mvua na maji ya kupwa yalikuwa yakishuka pamoja, na mtumbwi wangu ulikuwa unakwenda upande.

"Mama, ulikuwa unakaanga au unalima?" Lokman alinitania kutoka juu.

"Shusha kamba, wewe mdomo mrefu! Kula vingali moto."

Chungu kilikuwa bado kinapanda nilipoona mkia wa meli unageuka. Meli iliyopunguzwa moto haisikii usukani. Lokman aliacha kucheka. Injini ikanguruma, lakini mto ulikuwa umekwisha kuichukua. Ilikwenda ubavu, polepole, hata nikadhani itasimama yenyewe. Ikagonga nguzo ya nne ya daraja letu, lililokuwa mbele kidogo tu. Vipande viwili vya barabara vikaanguka majini, kimoja baada ya kingine.

Daraja lile tulikuwa tumeliomba miaka ishirini na saba. Watu watatu walikufa. Mmoja wao alikuwa Nitai, jirani yangu, aliyekuwa akivuka na mkokoteni wake wa maboga.

Lokman alikamatwa. Siku ya tatu waliniruhusu kumwona kituoni. Alisogea karibu na nondo.

"Mama, nimewaambia usukani ulikwama."

"Haukukwama."

"Unataka jina lako litajwe kila mtu anapokunywa chai? Nyamaza, mama. Nakuomba."

Nikanyamaza. Mungu ananijua: nilifurahi kuombwa.

Kisha Shefali, mke wa Nitai, akaanza kuja kwangu. Alikuja na sari nyeupe ya ujane na bakuli la wali, dengu na boga. Samaki hakuwemo, maana kwa Wahindu kama yeye mjane hali samaki. Aliketi kizingitini akingoja nimalize.

"Kula, mama mkubwa. Wangu ameondoka, wako amefungwa. Chuma hakina macho, kimetuonea sote wawili."

Siku kumi na saba alikuja. Alikumbuka kwamba upande wa kushoto sina meno, akawa anapika boga mpaka linalainika kabisa. Siku moja mvua ilipoanza kudondoka alizianua nguo zangu kambani, akaziingiza ndani na kuzikunja. Nilimshukuru, nikala chakula chake. Kila tonge nililijua ni la nani, nikalimeza.

Siku ya kumi na saba aliingia uso unawaka.

"Umesikia? Wamemkamata Barek, yule fundi aliyetengeneza usukani wa meli ya Lokman. Aozee humo humo, mzembe yule!"

Nikarudisha tonge bakulini.

"Barek si mzembe," nikasema.

"Mama mkubwa, wewe una huruma kupita kiasi. Huyo ndiye aliyemuua Nitai wangu, na wewe unamtetea!"

Usiku wa siku hiyo sikulala. Barek ana mabinti wanne, na usukani aliutengeneza vizuri. Nikisema, mwanangu atafungwa. Nisiposema, atafungwa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Maofisa walikuwa wakisikiliza mashahidi kwenye baraza ya shule. Asubuhi nilikwenda. Shefali alinisindikiza, akinishika mkono penye matope. Alidhani naenda kumwombea Lokman.

"Bibi, unajua nini kuhusu usukani?" ofisa aliuliza.

"Ulikuwa mzima. Mwanangu alipunguza moto ili anisubiri mimi. Nilikuwa nakaanga vitumbua."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakuna aliyemfuata.

"Maneno haya yatamfunga mwanao. Unaelewa?"

"Naelewa."

Aliandika, kisha akanisomea. Honi za pili aliziacha. Nikamwambia, "Ziandike na hizo. Za kwanza nilizisikia nikiwa tayari. Za pili nilizisikia nikakaa." Akaziandika. Nikatia jina langu, herufi moja moja, maana kuandika nilijifunza uzeeni.

Shefali alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza.

"Siku zote zile ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukala."

"Nikala."

"Ungeniambia mimi kwanza, Mama Lokman," akasema. "Kabla ya hawa wenye kalamu." Hakuniita tena mama mkubwa. Akaondoka peke yake.

Barek aliachiwa. Lokman alipewa miaka minne. Nikienda kumwona huniuliza habari za magoti yangu, ni yale yale kila mara, na mimi humjibu. Lile lingine hatuligusi.

Sasa tunavuka kwa mashua, kama zamani. Wiki iliyopita ubao wa kupandia ulikuwa umelowa, nikateleza. Mtu nyuma yangu akanidaka kiwiko, akanishikilia mpaka mguu wangu ukakanyaga ndani ya mashua. Nikageuka. Alikuwa Shefali. Aliniachia pale pale, akapita, akaenda kukaa mwisho kabisa wa mashua, akageukia majini.

Sikumwita. Safari nzima nilitazama miguu yangu.