Uvimbe wa Ubavuni

Daktari Lutengano alituambia uvimbe wa mume wangu si mkubwa, kisha akasema hataki kumwona akikaa nao hapa Mbeya hata mwezi mmoja. Mimi Mwantumu si mjinga, lakini hapo akili iligoma.

Aliinua picha ya eksirei dirishani. Mshipa mkubwa wa damu unaoshuka tumboni ulikuwa umevimba, na ukuta wake, kwa kuwa ulishashika chokaa, ulionekana kama uzi mweupe.

"Ungevimba mzunguko mzima, mama, kama kiazi kitamu, ningesema tusubiri," alisema. "Huu umetokeza ubavuni mwa mshipa, upande mmoja tu. Na hapa ulipotokeza, uzi hauonekani. Nadhani ukuta umekuwa mwembamba. Ukipasuka, hatumwahi. Aende Dar akafanyiwe upasuaji. Na tumbo lisikandwe."

"Kwa hiyo ukubwa si kitu?"

"Ni kitu. Lakini linalonitisha ni umbo. Naweza kukosea."

Naweza kukosea! Nilitamani kumpokonya ile picha. Mtu anakwambia mumeo akapasuliwe, halafu shaka anakuachia wewe uibebe mpaka nyumbani, mtaani kwetu Soweto.

Muhidini, mume wangu, muuza vitenge mpole kupita kiasi, alisema haendi popote bila ruhusa ya dada yake. Wazazi wao walikufa zamani. Dada huyo, Bibie, ndiye baba, ndiye mama. Akaja na basi kutoka Iringa, chupa ya mafuta ya ufuta mkononi. Kule mtaani kwake Mlandege anakanda wazazi, anakanda vichanga, anakanda yeyote asiyemkimbia.

"Jirani yangu Jailos ana uvimbe kama huo, mkubwa mara mbili," alisema kabla hajavua viatu. "Madaktari wamemwambia asubiri. Mpaka leo anaendesha lori kwenda Chunya. Huyu mwenye kidogo ndiye akatwe? Wifi, msiba mnautafuta kwa tochi."

Nilirudia maneno ya daktari, mzunguko mzima, ubavuni, uzi, nikasikia mwenyewe hayana kichwa wala miguu. Kubwa lisubiri, dogo liue? Hata mimi sikujiamini. Na wakati huo Muhidini alishajilaza mkekani, shati juu, anangoja mikono ya dada yake.

Nikakaa katikati yao. "Daktari kakataza."

"Nilimkanda kabla wewe hujamjua," Bibie alisema.

"Basi mguse tu. Ukibonyeza tutagombana, majirani wasikie."

Alinitazama vibaya, kisha akaweka kiganja. Uvimbe ulikuwa unapiga, ukiinua vidole vyake. Upande wa kulia vidole vilipita. Upande wa kushoto vikasimama. Akaondoa mkono taratibu, akaifunga chupa.

"Huku ni kama utosi wa mtoto mchanga," alisema. "Na utosi haukandwi." Akamteremshia ndugu yake shati. "Aende."

Nilidhani ningefurahi, maana wifi yangu hakuwahi kunikubalia jambo. Badala yake niliogopa zaidi, kwa sababu sasa hata yeye aliogopa.

Siku ya safari alitusindikiza stesheni. Muhidini alipokwisha kupanda treni, Bibie alinishika mkono.

"Mwezi wa Ramadhani alipokuja Iringa kununua mali, alilalamika tumbo. Nilimkanda palepale, kwa nguvu, siku zote alizokaa. Wakati ule palikuwa pagumu kote." Akaukaza mkono wangu. "Wifi, ni mimi niliyepafanya pembamba?"

Miaka yote niliomba siku moja tu ya kumkomesha mwanamke huyu. Siku yenyewe ndiyo hiyo, na neno lilishanifika ulimini. Nikatafuta kichwani kila alichosema daktari, nikakuta kiazi, uzi na chokaa, vyote vimechanganyika. Pale jukwaani Bibie alikuwa hajauachia mkono wangu, na mimi nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulizoea.

"Sijui, wifi," nilimwambia. "Panda twende. Akizinduka baada ya upasuaji atakuulizia wewe kwanza."